Maji Ndani ya Mawe Saba
Chuo kilipofungwa kwa sababu ya korona, nilifanya jambo nisiloruhusiwa: nilibeba mawe yangu saba ya utafiti kutoka maabara hadi mtaa wa Toongabbie, nilikopanga chumba kwa mama mmoja wa Kikongo. Kazi yake ilikuwa kuhudumia wazee, na kila siku alirudi barakoa imemchora mashavu.

Mawe yalitoka mgodi wa shaba wa jimbo jingine, na mipaka ilikuwa imefungwa. Mengine sikuwa nayo. Ndani yake mlikuwa na matone ya maji ya chumvi, madogo mno, yaliyonaswa humo shaba ilipokuwa ikijijenga. Ukipima isotopu zake, yaani kiasi cha hidrojeni na oksijeni nzito dhidi ya nyepesi, unajua kama maji yaliyoileta shaba yalikuwa ya mvua, ya bahari, au ya miamba iliyoyeyuka. Mimi, kwa kiherehere changu, nilishaandika sura nzima ya tasnifu kwamba ni ya bahari. Ufadhili ulikuwa unakwisha Desemba, na viza pamoja nao. Usingizi ulinihama.

Nilishinda gerejini nikigonga mawe kwa nyundo ili nichambue chembe safi. Nilipata malengelenge.

Mchana mmoja, nikiwa kwenye mkutano wa video na msimamizi wangu, nikasikia pa, pa, pa kutoka jikoni.

"Unapika bisi?" msimamizi akauliza, akicheka.

Nikasema ndiyo, nikazima kamera, nikakimbilia jikoni.

Mama alikuwa ameinama mbele ya oveni, hata viatu vya kazi hajavua.

"Mwana yangu, naona hii mawe inakutesa. Kwetu kule ku migodi, sisi bamama tulikuwa tunaichoma kwanza, njo inavunjika bien, muzuri."

Kila mlio ulikuwa tone likipasuka. Nilitaka kumfokea, nikamtazama alivyochoka, nikasema, "Asante, Mama." Sita yalikuwa ndani ya oveni; la saba lilikuwa dirishani, la baridi.

"Na hili je?"

"Hiyo? Sikumbuke kama nilishaichoma ao hapana."

Kama lilichomwa, maji yaliyobaki yangenipa jibu la uongo, na huenda uongo wenyewe ungekuwa bahari. Nani angejua? Siku tatu nililibeba mfukoni, nikilipapasa kila dakika kama mgonjwa anayejipima homa.

Siku ya nne nikamwandikia msimamizi. Nilianza hivi: zile hazikuwa bisi.