Neno la Mwisho la Malaki

Kuna harufu ya vumbi inayotoka kwenye kiyoyozi kilichokaa muda mrefu bila kuwashwa. Si vumbi la kwetu Taita, lile jekundu linalonukia mvua. Hili ni jembamba, kavu, linakaa kooni kama unga. Juzi fundi alipofungua kiyoyozi cha ofisini kwangu harufu hiyo ikatoka, na mimi, mtu mzima mwenye funguo za gari mkononi, nikajikuta nimeegemea ukuta. Wenzangu wakaniuliza kama nimeshikwa na kizunguzungu. Niliwaambia ndiyo. Ningeanzia wapi kuwaeleza habari za nabii Malaki?

Nitawaeleza ninyi.

Nilikuwa na miaka tisa, na tuliishi International City, mtaa mmoja wa Dubai, mimi na Baba na Mama, katika chumba kimoja chenye balkoni ndogo iliyojaa ndoo na nguo. Baba aliendesha trela, akipeleka mizigo Oman na kurudi. Mama aliuza vitambaa sokoni Naif, katika duka la Bi Maryam, mama wa Kizanzibari ambaye jamaa zake walihamia Dubai kabla Mama hajazaliwa. Bi Maryam alimwita kila mtu "mwanangu", hata wateja wenye mvi nyingi kuliko yeye, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Shule yetu ya Jumapili ilikuwa Ijumaa, maana Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya mapumziko wakati huo. Sisi watoto hatukuona ajabu yoyote. Mwalimu wetu aliitwa Festo, Mhaya wa Bukoba, mtu mrefu mwenye sauti iliyotoka tumboni. Alitufundisha vitabu vya Agano la Kale kwa kuimba, tukipiga makofi: kwanza Torati, halafu historia, halafu mashairi, halafu manabii wakubwa, halafu wadogo. Nilipenda wimbo ule. Nilikuwa nikiuimba ndani ya basi hadi Mama ananifinya.

Ijumaa ninayoisimulia, Mwalimu Festo hakutupigisha makofi. Alifungua Biblia yake mwisho wa Malaki, akaiinua juu tuione, na akasema tusome wenyewe neno la mwisho kabisa la Agano la Kale. Tukasoma. Neno lilikuwa "laana".

"Baada ya neno hili," akasema, akiufunga ukurasa polepole, "Mungu akanyamaza. Vizazi na vizazi. Watu wanaomba, kimya. Watu wanalia, kimya."

Nadhani alikusudia kutuandaa kwa habari njema ya wiki iliyofuata. Ila wiki iliyofuata ilikuwa mbali, na laana ilikuwa pale pale mezani. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeishika Biblia yangu kwa ncha za vidole, kama mtu aliyebeba panya.

Baba aliondoka siku hiyo hiyo baada ya chakula cha mchana. Alikuwa na kawaida moja: akishavuka mpaka, lazima apige simu, aseme, "Khalas, basi, nimevuka," kisha aniulize nimekula nini. Mchana ule mbingu zikabadilika rangi. Zilikuwa nyeupe, zikawa njano, zikawa kama chai ya maziwa iliyomwagika, mpaka jengo la jirani likapotea. Vumbi likaingia kwa kila upenyo. Mama aliziba chini ya mlango wa balkoni kwa matambara, na bado tulilisikia likisagika menoni tukimeza mate.

Simu ya Baba haikuja. Mama alipopiga, akajibu mwanamke yule wa kwenye mtambo, kwa Kiarabu halafu kwa Kiingereza, kwamba namba haipatikani. Nilikuwa nimekaa karibu, nikamsikia vizuri. Tangu hapo nilijua kilichotokea. Mungu alikuwa amenyamaza tena, na safari hii alikuwa ameanza na Baba.

Msicheke. Au chekeni, mimi mwenyewe leo nacheka kidogo. Wakati ule nilichukua Biblia yangu, nikaivika mfuko wa plastiki, nikaitoa nje balkoni katikati ya ndoo, nikafunga mlango. Sikutaka neno lile lilale chumba kimoja na sisi.

Jioni hiyo tulipata mgeni. Anti Rehema alisoma shule moja na Mama kule Taveta, na sasa alikuwa mchungaji na mwalimu wa Agano la Kale katika chuo kimoja Tanzania. Alikuwa akipita Dubai kwenda masomoni Ulaya, ndege yake ikaahirishwa kwa sababu ya vumbi, na Mama akamwambia aje alale kwetu. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye kicheko kikubwa, na aliogopa lifti kuliko kitu chochote duniani. Alipanda ngazi zote na sanduku lake, akafika mlangoni akihema, akasema, "Nimefika, lakini roho yangu bado iko ghorofa ya pili."

Kesho yake vumbi lilikuwa bado limetanda. Mama alishinda kwenye korido akiongea kwa simu kwa sauti ya chini, na kila nilipochungulia aliniashiria nirudi ndani. Anti Rehema alifungua mlango wa balkoni kutafuta mahali pa kuanika leso yake. Akaona mfuko.

"Mbona Neno la Bwana linalala nje na ndoo?"

Nikaanza kulia. Nikamweleza yote, maneno yakitoka ovyo: laana, kimya, simu, mwanamke wa mtambo. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akaipangusa Biblia kwa kanga yake, akaketi kitandani, kitanda kikalalamika.

"Mwalimu wako kasema kweli," akasema. "Katika Biblia yetu, Malaki ndiye wa mwisho kabla ya Mathayo. Lakini vitabu hivi vilikuwa na wenyewe kabla yetu, na wenyewe, yaani Wayahudi, wanavipanga vingine. Niletee mataulo yote ya humu ndani. Na soksi."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Alikunja taulo la kwanza kama mkeka, akalishika kwa mikono miwili.

"Zamani hapakuwa na kitabu kimoja chenye jalada. Palikuwa na magombo ya ngozi, hivi. Unakunjua huku, unakunja huku. Huwezi kufunua tu ukaruka hadi mwisho."

Akayapanga mafungu matatu. La kwanza lilikuwa Torati, kichwani mwa kitanda, kwa sababu kwa Wayahudi hiyo ndiyo inayotangulia na kuheshimiwa kuliko yote. La pili lilikuwa Manabii, na hapo akaweka Yoshua, Waamuzi, Samweli na Wafalme.

"Hao ni historia," nikasema, nikijipangusa kamasi. Wimbo wa Mwalimu Festo nilikuwa naujua.

"Kwetu, historia. Kwao ni manabii. Waliosimulia vita vile na wafalme wale walitaka watu wasikie Mungu anasema nini humo ndani."

Manabii wadogo aliwafanya soksi, akazifunga zote kumi na mbili ndani ya taulo moja, kwa kuwa kwa Wayahudi hao ni gombo moja. Malaki alikuwa soksi ya Baba, ya bluu, yenye tundu kidoleni. Nikaishika ile soksi, sikutaka kuiachia, na Anti hakuninyang'anya. Fungu la tatu aliliita Maandiko: Zaburi, Mithali, Ayubu, Ruthu, hata Danieli, ambaye mimi nilimjua kama nabii wa simba. Mwisho kabisa, miguuni mwa kitanda, akaweka taulo kubwa la kuogea.

"Mambo ya Nyakati," akasema. "Kwao mara nyingi hiki ndicho cha mwisho. Na unajua kinaishaje? Watu wamechukuliwa mateka, wako nchi ya ugenini miaka mingi. Mfalme wa Uajemi anatangaza: yeyote aliye wa watu wa Mungu, apande aende kwao. Basi. Kitabu kinaishia hapo."

"Kwa hiyo mwisho ni mtu anarudi nyumbani?"

Akalinyoosha pembe taulo lile. "Mwisho ni mtu anaambiwa kwamba anaweza kurudi. Kama alifika, pale hapasemwi."

Akaenda bafuni, nikasikia maji yakimwagika. Aliporudi nikamuuliza kwa nini basi sisi Wakristo tukamweka Malaki mwisho, na neno lake lile. Akaniambia waliopanga Biblia yetu walitaka manabii wakae jirani na Injili. Malaki anasema mjumbe atakuja, ukifunua kurasa chache unamkuta Yohana Mbatizaji jangwani akipaza sauti. "Walimsimamisha pale kama mtu aliye mlangoni anaangalia njia," akasema. "Maneno ni yale yale kwao na kwetu. Tumepanga tofauti tu, na ukipanga tofauti unabaki na sauti nyingine masikioni."

Halafu akanisogelea.

"Na nikuambie jambo jingine. Wayahudi wakisoma Malaki kwa sauti mbele ya watu, wakifika kwenye neno lile la mwisho hawaishii hapo. Wanarudi nyuma, wanausoma tena mstari uliotangulia, ule wa nabii atakayetumwa, ndipo wananyamaza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hawataki kuondoka na neno hilo kinywani. Watu wazima, wenye ndevu. Wanaliogopa kama wewe."

Siwezi kuwaambia hofu iliniisha. Ila mpaka dakika ile nilidhani ni mimi peke yangu niliyewahi kuliogopa neno lile, na kumbe kulikuwa na watu wengi, wa tangu zamani sana, waliosimama mbele yake na kurudi nyuma hatua moja. Nilimwomba anisomee hivyo, akanisomea: mpaka mwisho, kisha tena mstari ule. Tulifanya hivyo mchana kutwa.

Alasiri simu ya Mama ikalia, naye akaingia nayo chumbani akiwa ameiweka sauti ya nje. Alikuwa Bi Maryam. Alikuwa na mpwa wake Suhar, Oman, naye alikuwa amemtuma azunguke hospitali moja baada ya nyingine.

"Yu hai, mwanangu," tukasikia. "Wanisikia? Kavunjika mguu, lakini yu hai. Mpwa wangu yupo naye hapo kitandani. Alhamdulillahi, usilie sasa, kaa chini kwanza."

Matrela yalikuwa yamegongana ndani ya vumbi. Dereva aliyekuwa mbele ya Baba, rafiki yake aliyekuwa akiniletea tende, alifariki pale pale. Baba alirudi baada ya wiki kadhaa kwa magongo, amekonda, na kwa muda mrefu hakusema zaidi ya salamu. Nilijifunza kukaa karibu naye bila kumuuliza kitu. Anti Rehema alikuwa ameshasafiri Ulaya, baada ya kushuka zile ngazi zote kwa miguu.

Miaka mingi baadaye, tumesharudi Voi, Mama aliniambia lile ambalo sikulijua. Habari za ajali alizipata Ijumaa ile ile jioni. Kazini kwa Baba walikuwa wamempigia Mama na kumwambia kuna dereva aliyekufa, ila hawajui ni nani. Mama alimweleza Anti Rehema mara tu alipoingia mlangoni, na akamwomba akae nami siku nzima ili yeye apige simu.

Kwa hiyo alipokuwa akikunja taulo, alijua. Nilipomuuliza kama mwisho ni mtu anarudi nyumbani, alijua ninamuuliza nini, na akachagua jibu ambalo kesho lisingegeuka uongo. Mimi nilidhani ni ukaidi wa walimu tu, wa kutaka kila neno liwe sawasawa. Mama akasema kwamba baada ya swali langu Anti alijifungia bafuni, akafungulia mabomba yote hadi mwisho. Hilo nalikumbuka. Nilidhani anaoga.