Maziwa ya Mheshimiwa

Asubuhi ile baba alikuwa akisuluhisha kesi ya ng'ombe aliyekula mahindi ya jirani. Ndiyo kazi yake ilivyokuwa: chifu wa kijiji chetu, juu milimani Kivu Kusini, bila ofisi, na mshahara wa kusikia kwenye redio tu. Mwenye ng'ombe na mwenye mahindi walikuwa wameanza kutaniana tulipoona watu wenye bunduki wakipanda kilima.

Majirani walikimbilia msituni. Baba alibaki. Kwetu mgeni haulizwi shida yake kabla hajanywa, na chifu hakimbii wageni.

"Mama Furaha, leta maziwa," alimwambia mama. "Bon, wakunywe kwanza. Kiisha tutaongea."

Walikunywa.

Mkubwa wao alirudisha kikombe kwa mikono miwili, akashukuru.

Wakamchukua baba. Risasi zililia upande wa mtoni.

Tulikimbia jioni hiyo hiyo. Hatukumzika.

Mwaka 2015 nilikuwa Louisville, Marekani, nikimhudumia mwanasiasa mstaafu nyumbani kwake. Alianzia baraza la jiji, akaenda bungeni, akafika Seneti, akakaa huko hadi nywele zikamwisha. Picha zake na marais zilijaa ukutani. Sitaficha: nilimwonea wivu, na vumbi la zile fremu nililipangusa kwa hasira.

Sikutamani nyumba yake, wala maktaba iliyopewa jina lake. Siku ya kuuenzi utumishi wake alikuja mpinzani wake wa miaka yote. Walitaniana, wakakata keki pamoja. Nilikwenda jikoni nikalia. Baba yangu alipatanisha watu maisha yake yote, lakini hakujaliwa adui wa kuzeeka naye.

Nilimpigia simu mama, aliyekuwa akiishi mji mwingine, Columbus.

"Usimuonee wivu mzee wa watu," alisema. "Yeye hakukuibia baba."

Najua. Wivu haukuisha.

Jioni mzee aliniuliza, "Furaha, baba yako alifanya kazi gani?"

"Kama yako, mheshimiwa."

Mzee aliomba maziwa ya moto, kama kawaida yake. Alikunywa yote. Mikono ilikuwa ikimtetemeka, kwa hiyo alinirudishia kikombe kwa mikono yote miwili, akanishukuru.

Nilisimama na kile kikombe mpaka kikapoa.

Asubuhi nilimkuta kitini, mzima, akisoma gazeti. Hata hilo nilimwonea wivu.