Mjomba Alikataa Kutia Sahihi

Mjomba wangu alikuwa msanifu majengo. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo wanaosisitiza kwamba alikuwa fundi tu. Hata siku ya mazishi yake, mheshimiwa mmoja alishika kipaza sauti akamwita "fundi wetu hodari". Niliinuka pale walipoketi wafiwa, nikamrekebisha mbele ya watu wote. Dada yangu alinivuta nguo nikae. Sikukaa mpaka yule mheshimiwa aliporudia maneno yake vizuri.

Kazi alijifunza mjini Meru, kwa kontrakta Mhindi aliyejenga maduka na nyumba za mawe. Aliingia akiwa mbeba mawe. Baada ya miaka michache alikuwa akisoma ramani kumshinda mnyapara, na baada ya mingine alikuwa akizichora yeye mwenyewe, ameketi kwenye stuli ndefu nyuma ya stoo ya saruji. Masomo ya uchoraji yalimjia kwa posta kutoka ng'ambo, akayafanya Jumapili baada ya ibada. Nyumba aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mchinjaji mmoja Mwislamu pale mjini. Mwenye nyumba alitaka mlango ukae wazi mchana kutwa, hewa ipite, lakini mpita njia asiwaone wanawake uani. Mjomba alimwekea ukuta mfupi hatua moja ndani ya mlango. Ukiingia, unaukuta ukuta, unauzunguka, ndipo unafika uani. Alinipeleka kuuona nikiwa msichana, akasimama pale akitabasamu kama mtu anayemtazama mwanawe akitembea.

Hata hivyo, chini ya ramani ile, na nyingine zote, kulikuwa na sahihi ya kontrakta. Ofisi za serikali hazikupokea ramani yenye jina la Mwafrika.

Serikali ya wakoloni ilipotangaza hali ya hatari, mjomba alinyang'anywa kibali cha kukaa mjini akarudishwa kwetu, juu kidogo ya Runyenjes, kwenye mashamba ya kahawa. Baba yangu alikuwa ameshachukuliwa kizuizini. Nyumbani tulibaki mama, mimi niliyekuwa na miaka kumi na tisa, na dada yangu mdogo. Mjomba, kaka wa mama, akawa mwanamume pekee wa kutushauri. Mimi aliniita "mama", kwa kuwa nilipewa jina la mama yake mzazi, kama desturi yetu ilivyo.

Halafu ikaja amri ya vijiji. Watu wote walitakiwa wahame mashambani mwao, wakae pamoja mahali palipozungushiwa handaki lililosimikwa mianzi iliyochongwa, wakilindwa na homgadi, yaani wenzetu waliobebeshwa bunduki za serikali. Bwana shauri, yule afisa mzungu wa tarafa, alikuwa amesikia kwamba kuna mtu huku anayejua kuchora. Akamwita mjomba kambini kwa chifu, akamwagiza ramani ya kijiji.

Mama alimwambia akatae palepale. Mjomba akasema, "Nisipochora mimi, atachora mtu asiyejua mvua ya huku inatelemka upande gani. Niache nijaribu."

Alichora siku nne. Niliiona ramani ile imetandazwa kwenye meza yetu. Nyumba zilipeana nafasi ili moto ukizuka usiruke. Vyoo vilikuwa upande wa chini wa mahali pa kuchota maji mtoni, si upande wa juu. Katikati aliweka shule.

Nilikwenda naye kuipeleka, nimebeba ubao wake wa kuchorea. Bwana shauri aliitazama kwa muda, akachukua penseli nyekundu. Akafuta shule, akaandika mnara wa askari mahali pake. Akachora safu mpya za nyumba katikati ya safu za mjomba mpaka kuta zikakaribia kugusana. Kisha akachora mishale midogo kwenye kila nyumba, yote ikielekea mnarani.

"Milango yote itazame mnara," alisema kwa Kiswahili chake cha kukata. "Askari aone mpaka jikoni. Sasa andika jina lako hapa chini. Watu wajue mwenzao ndiye aliyepanga."

Mjomba aliweka mikono nyuma.

"Bwana," alisema, "nimechora miaka mingi, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyelitaka jina langu. Leo ndio mnalitaka?"

"Andika."

"Mimi nachora nyumba za watu. Hili ni zizi. Mwenye zizi aandike jina lake."

Chifu alimpiga kofi kabla mzungu hajafungua mdomo. Homgadi mmoja aliuchukua ubao mikononi mwangu akauvunja kwa goti. Rula na bikari zake zilibaki palepale kwenye meza ya chifu, hatukuziona tena. Kuanzia kesho yake mjomba alikuwa handakini, akichimba na wenzake chini ya ulinzi.

Nyumba zetu za zamani zilichomwa juma lile. Ile ya mama, mjomba ndiye aliyeipanga, ikiwa na tundu la kutolea moshi juu ya jiko. Tuliiangalia ikiungua tukiwa tumebeba vyungu. Mama hakulia. Alinikabidhi panga, akasema twende tukakate fito.

Wanaume wengi hawakuwapo, kwa hiyo kile kijiji tulikijenga sisi wanawake. Tulikata fito, tukakanyaga udongo, tukabeba nyasi za kuezekea. Handaki lilipita karibu na safu yetu, na adhuhuri wachimbaji waliporuhusiwa kunywa maji, mimi ndiye niliyewapelekea. Siku moja mjomba alipokea kibuyu, akanywa polepole, akaniuliza bila kunitazama:

"Mama, unaikumbuka nyumba ya yule mchinjaji?"

"Naikumbuka."

"Mlango wake unatazama wapi?"

"Barabarani."

"Na ukisimama barabarani unaona nini?"

"Ukuta," nilisema, na papo hapo nikaelewa.

"Hatua moja ndani," alisema. "Upana uuzidi mlango kwa kiganja kila upande. Urefu ukupite kichwa. Na sakafu muinue, mvua inakuja." Akanirudishia kibuyu, akaokota jembe.

Tuliujenga ule ukuta siku mbili. Askari wa mnarani aliuona mlango wetu ukimtazama, na ndani ya mlango akaona udongo mtupu. Nyuma ya udongo huo mama alipika, alibadili nguo, aliomba, alimlaani aliyetaka kumlaani. Jirani wa kwanza alikuja kuomba moto, akaona, akaniuliza vipimo. Kabla ya mwezi kwisha, safu yetu nzima ilikuwa na ukuta ndani ya mlango, na safu ya pili imeanza.

Bwana shauri aliletwa asubuhi moja na homgadi wawili. Aliingia kwetu, akakaribia kugonga pua yake ukutani, akatoka uso mwekundu.

"Nani amewafundisha hivi?"

Mama alijibu, "Amri ilisema mlango utazame mnara. Si huo unatazama?"

"Nimeuliza nani amechora!"

"Hakuna aliyechora," nilisema. "Tafuta karatasi. Ukiipata hata moja, nifunge."

Walipekua. Walimwaga unga wetu, wakapasua godoro la majani. Karatasi haikuwapo, kwa sababu haikuwahi kuwapo. Basi wakaubomoa ukuta wetu kwa vitako vya bunduki ili wengine waone. Siku tano nyumba yetu ilikaa wazi, askari akituhesabia matonge. Siku ya sita tukaujenga tena. Wakaubomoa tena, na safari hii mama alisukumwa akaumia bega. Tukaujenga mara ya tatu, mama akikanyaga udongo kwa miguu kwa kuwa mkono mmoja haukuinuka. Majirani waliacha nyumba zao wakaja kutusaidia mbele ya askari, mchana kweupe, wakiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika.

Hawakurudi kuubomoa. Labda walichoka; labda mvua kubwa iliwapa kazi nyingine, maana nyumba zilizojengwa bila kuinua sakafu zilijaa maji.

Lakini mjomba hakuponyoka. Walimshuku tu, na wakati ule shaka ilitosha. Walimpeleka kizuizini huko chini kwenye joto. Aliporudi, baada ya miaka miwili na zaidi, goti lake la kulia lilikuwa halikunjiki. Sikumwuliza walimfanya nini, naye hakuniambia. Alichoniuliza ni kama nimemtunzia penseli.

Alifungua ofisi yake mjini Meru, chumba kimoja juu ya duka la nguo, na akaandika kibao kwa mkono wake: MSANIFU MAJENGO. Hata uhuru ulipopatikana na bendera kubadilika, ilikuja barua kutoka Nairobi ikimwambia akiondoe, kwa kuwa hana shahada wala jina lake halimo kwenye orodha ya wasanifu. Alikipaka rangi upya, herufi kubwa zaidi. Barua ya pili ilipokuja, alikwenda kwa fundi wa chuma akatengenezewa cha bati. Watu waliendelea kupanda zile ngazi: wenye maduka, makanisa, kamati za shule, wazee waliotaka zahanati. Kila ramani iliyotoka mle ilikuwa na jina lake chini kwenye pembe ya kulia, limeandikwa kwa wino, refu, linasomeka hata na asiyevaa miwani. Wenye shahada walipita kwake kimyakimya kuomba ushauri kuhusu miteremko na mawe ya huku, na ramani zao zikapitishwa serikalini.

Kwa sababu ya lile goti hakuweza kupanda majukwaa ya ujenzi. Nilipanda mimi. Pale Githongo, tulipokuwa tunajenga shule, mkaguzi alinikuta juu ya ukuta na timazi mkononi akapiga kelele, "Mwanamke ateremke! Niitieni mwenye kazi!"

Mjomba alikuwa ameketi chini kwenye rundo la mbao.

"Mwenye kazi ni mimi," alimjibu. "Lakini anayejua ukuta umenyooka au haujanyooka ni yeye. Ukitaka kuuliza, panda."

Mkaguzi hakupanda. Alitia sahihi kitabu chake akaenda zake, na mafundi wakacheka mpaka mmoja akaangusha ndoo.

Shule ile ndiyo kazi yake ya mwisho. Aliugua kifua kuta zikiwa zimefika kwenye linta juu ya madirisha, akafa paa halijawekwa. Kamati ilitaka kusimamisha kazi itafute mtu mwingine mwenye vyeti. Niliwaambia ramani ninayo, vipimo navijua, na kwamba atakayekuja kunitoa juu ya ukuta ule aje na ngazi yake. Tulipiga bati la mwisho Jumamosi. Jumatatu watoto waliingia darasani, wakaanza kugombania viti vya dirishani.