Moshi Ndani ya Bia Yangu

Mimi ni mtu wa kushuku. Ukisifu shati langu, nitaingia chumbani kujitazama kwenye kioo nione kama lina doa. Mke wangu amezoea. Husema mimi hata maombi nayafanya jicho moja wazi.

Kwa hiyo nilipoanza kupika bia nyumbani, hapa Kisumu, kitu cha kwanza nilichonunua kilikuwa kufuli. Ndoo na mizani vilikuja baadaye. Nilifunga stoo, ufunguo nikauvaa shingoni, na watoto wakakatazwa hata kuegemea ule mlango.

Tulikuwa wanaume wanne. Hatukuuza, kila mtu alipika ya kunywa mwenyewe na ya kuringia wenzake. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mchana, tulikutana nyumbani kwa mmoja wetu, kila mtu na chupa zake, tukaonjeshana. Sheria ilikuwa moja: onja unavyotaka, usiulize imepikwaje. Na ukiulizwa, una ruhusa ya kudanganya. Mmoja wetu aliwahi kusema ametia maganda ya machungwa, nami nikaharibu ndoo nzima kwa maganda ya machungwa. Alipoona uso wangu mwezi uliofuata alicheka mpaka akashika ukuta.

Wa nne ndiye aliyenifundisha kazi yenyewe. Alikuwa rafiki yangu tangu ujana, fundi wa friji, na alisimama nami siku ya harusi yangu. Alinionyesha jinsi ya kuloweka mtama, kuuchipusha juu ya gunia, kuuanika uwe kimea na kuusaga, na kwa nini chachu ya bia haipendi joto letu la ziwani. Hata akanitengenezea friji kuukuu ya kuwekea ndoo, isipande joto wala kuganda. Nilipomuuliza anataka nini, alisema anataka chakula cha mchana. Nilimpa samaki, lakini kichwani niliendelea kujiuliza anataka nini.

Kutafuta mapishi yako mwenyewe ni kazi ya subira. Unabadilisha kitu kimoja tu, mengine unayaacha vilevile, halafu unangoja majuma matatu kujua kama umekosea. Ukibadilisha viwili, hujui ni kipi kilichoharibu. Bia yangu ya kwanza ilikuwa chachu kama maziwa lala. Ya pili ilipasua chupa nne, na mke wangu akaniuliza kama naandaa vita. Niliongeza nafaka ya wimbi, nikapunguza. Nilijaribu ukwaju. Nilichelewesha hopsi, yale maua makavu ya uchungu tunayoagiza kutoka Nairobi, nikayawahisha. Yote niliyaandika kwenye daftari.

Kwenye jaribio la tisa, moshi ukaingia. Ulikuwa moshi mdogo, wa mbali, unakuja baada ya kumeza, na nyuma yake utamu. Nilikaa kwenye ngazi ya jikoni nikanywa glasi nzima. Mara hiyo nilikuwa nimekaanga sehemu ya kimea kwenye sufuria juu ya makaa, dakika kumi na moja, kwa hiyo nilijua kabisa moshi ulitoka wapi. Jumamosi ile wenzangu walinyamaza walipoonja. Kwetu hiyo ndiyo sifa.

Miezi miwili baadaye, rafiki yangu alifungua chupa yake, nikaonja, na moshi wangu ulikuwa mle ndani.

Nilitabasamu. Nikasema, "Nzuri." Lakini nilianza kupiga hesabu. Siku nilipokaanga kile kimea, nani alikuwa jikoni kwangu akikikoroga kwa mwiko huku akinisimulia habari za mpira? Yeye. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijiambia, na nakiri kwamba nilijisikia vizuri kulisema. Mtu wa kushuku akipata mwizi hufurahi kidogo. Anaona hakupoteza miaka yake bure.

Nikatega mtego. Niliandika upya ukurasa wa mapishi yale, kwa uongo: penye dakika kumi na moja nikatia ishirini, hopsi nikazizidisha mara mbili. Atakayeufuata ule ukurasa atakunywa masizi. Kisha nikamwita aje aangalie friji, nikaacha daftari wazi mezani, nikaenda dukani kununua soda. Nilikaa huko muda mrefu kuliko soda inavyohitaji.

Bia yake ya mwezi uliofuata ilikuwa tamu kuliko ya kwanza. Mtu mwenye akili timamu angesema, basi, hakusoma. Mimi nilisema: ameusoma, ameujua uongo, ni mwizi hodari.

Siku hiyo tulikuwa kwangu. Nilisimama mbele ya wote.

"Hii bia ni yangu," nikasema. "Huyu ameniibia."

Aliweka glasi chini. "Omera, ndugu yangu, unasema mimi?"

"Kuna mwingine alikuwa anakoroga kimea yangu?"

"Mimi nimekuja kwa nyumba yako miaka ngapi?" aliuliza, polepole. "Nimebeba nini?"

Alikusanya chupa zake. Kabla ya kutoka alienda bombani, akaosha ile glasi aliyoitumia, akaigeuza juu ya jiwe ikauke. Wale wawili wengine walitazama viatu vyao. Jumamosi zetu ziliisha hapo, ingawa hakuna aliyetangaza.

"Umeshinda?" mke wangu aliniuliza jioni. Nikamwambia atajionea mwenyewe, mwizi hujileta. Akasema anachojionea ni viti vitupu.

Bia niliyopika baada ya hapo haikuwa na moshi. Nilifuata ukurasa wa kweli, niliokuwa nimeuchomoa na kuuficha, dakika kumi na moja kwa saa ya mkononi. Hakuna kitu. Nikapika tena. Hakuna. Shaka langu la kwanza lilikuwa ile friji: aliniwekea kitu ndani, akijua siku moja tutakosana. Niliifungua mgongo kwa bisibisi, nikakuta vumbi na mjusi mkavu. Nikashuku chachu. Nikashuku muuza makaa. Mwisho nikamshuku mama wa soko la Kibuye anayeniuzia mtama. Huyo nilikuwa nimewaficha wenzangu. Nilikuwa nikizunguka upande wa mitumba ili nisionekane nikienda kwake, na nilimwomba asimwambie mtu, naye hakusema.

"Mama, umenibadilishia mtama," nikamwambia, hata bila salamu.

"Eh, baba, habari ya asubuhi kwanza." Alinitazama mpaka nikamwamkia. "Si mimi nimebadilisha. Ile ya zamani, nilileta miezi michache tu, ilikuwa ya mama yangu, huko Kombewa. Alikuwa anaweka juu ya moto, kwa jikoni, wadudu isiingie. Inakaa kwa moshi miezi. Sasa amezeeka, tumemleta kwangu, na ile jikoni mvua imeangusha. Hii natoa Awasi."

Nilichota mtama kiganjani, nikaunusa.

"Hata yule rafiki yako wa friji alikuja kuniuliza hiyo maneno," akaendelea, akipepeta. "Ananunua kwangu kitambo, kabla yako, gunia ikiisha anarudi. Kwani siku hizi hamuongei?"

Basi moshi haukuwa wangu. Wala haukuwa wake. Ulikuwa wa bibi kizee mmoja aliyekuwa akiwafukuza wadudu, na mimi nilikuwa nimeufungia kufuli. Niliona aibu iliyonichoma masikio pale pale, kati ya magunia. Mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo, lakini wangu haukumnasa mtu isipokuwa mwenye kuutega, na urafiki wa miaka yote.

Jumapili baada ya ibada nilienda kwa rafiki yangu, mtaa wa Manyatta, na chupa mbili za bia isiyo na moshi, bora niliyokuwa nayo. Mkewe alinipokea vilevile kama zamani, na hilo liliniumiza zaidi. Yeye alikuja, akaketi mkabala nami. Nilisema yote: mtama, Kombewa, mimi ni mjinga, nisamehe. Sikumtajia mtego. Nilifikiri huo niufiche.

Alinisikiliza hadi mwisho.

"Ile daftari," akasema. "Miaka yote hujawahi kuacha hiyo daftari kwa meza. Siku hiyo naingia, iko wazi, na wewe umeenda soda. Nilijua. Nikaifunga, nikatengeneza friji yako."

Nikamsogezea zile chupa mbili.

Alileta glasi mbili, akafungua chupa yangu, akamimina zote mbili sawasawa. Huku kwetu mwenye pombe huionja kwanza mbele ya mtu ambaye hawaaminiani naye, ili aonekane hakutia sumu. Wazee walifanya hivyo na watu wa mbali. Sisi wawili, tangu ujana, hatukuwahi.

Akasukuma glasi moja mbele yangu na kukunja mikono.

"Anza wewe," akasema.

Nikanywa. Alisubiri mpaka akaona nimemeza, ndipo akachukua yake.