Mguu wa Katani

Mwaka wa 1948 mashine ya kupukuchua mahindi ilimkata Wabwile mguu chini ya goti, katika shamba la mzungu mmoja, mahali paitwapo Kwanza. Kibanda alimolala na kipande cha ardhi alicholima alipewa kwa sababu ya kazi tu. Bila kazi, yeye, mkewe Nekoye na watoto wao, Wekoye na wadogo zake, wangefukuzwa. Mnyapara, Ndung'u, hakuwa mtu mbaya, ila naye alikuwa na bosi.

"Mavuno ikifika, simama kwa mashini mpaka jioni," alimwambia. "Ukiweza, unabaki. Ukianguka, bana, mimi sina la kufanya."

Basi Wabwile akajitengenezea mguu wa nyuzi za katani, tabaka juu ya tabaka, kwa gundi ya ngozi ya ng'ombe iliyochemshwa. Alipoujaribu uani, ulipasuka. Nyuzi zilichomoka nzima, kavu, utadhani hazijawahi kuonja gundi.

"Hizo ziko na mafuta yake, baba Wekoye," Nekoye alisema. "Si uloweke kwa maji ya majivu? Hata mboga ngumu inalainika."

Yalikuwa maji ya majivu ya maganda ya maharagwe, ya jikoni kwake. Wabwile aliloweka nyuzi chache asubuhi, akazisuuza jioni, akazipaka gundi. Kipande kilipokauka, panga lilidunda juu yake. Jamani, alicheka siku hiyo!

Akaloweka katani ya mguu wenyewe. Kabla ya jioni habari ikaja kutoka Myanga, kwao Bungoma: kaka yake amefariki. Na matangani huondoki kabla ya kunyolewa nywele za msiba, siku kadhaa baada ya mazishi. Aliporudi, katani ilikuwa ingali majini, nyeupe, laini kama nywele za mtoto. Naye masikini akafurahi, akidhani kilichofaa kwa siku moja kitafaa zaidi kwa wiki nzima, akaunda mguu kwa katani hiyo.

Mavuno yalipofika alisimama wima penye mashine, Ndung'u akitabasamu. Jua halijafika utosini, alipogeuka na gunia, mguu ukakatika. Akaanguka juu ya magunzi.

Aliokota kipande akakitazama. Gundi haikuachia hata uzi mmoja. Nyuzi zenyewe ndizo zilizokatika, zote mahali pamoja, zimeliwa na majivu wiki nzima. Alilielewa kosa lake lote, na kulielewa hakukumsaidia chochote. Ndung'u alikuwa ameshageuza uso.

Nekoye alikuja mbio, akapiga magoti.

"Ni ile maji yangu?"

Wabwile alitaka kusema hapana. Badala yake alianza kufungua kamba za mguu. Hivyo ndivyo walivyoondoka Kwanza kurudi Bungoma, yeye juu ya mkokoteni, Nekoye akitembea nyuma, akiamini ni yeye aliyewafukuzisha.