Pumzi Nyuma ya Babu

Babu aliuza kashata Darajani enzi za Mwingereza, na aliuza akikimbia. Sinia kichwani juu ya kata, miguu mitupu, huku akiwatukana wanunuzi waliomtaka asimame. Siku za mashindano pale Mnazi Mmoja alikimbia vivyo hivyo, na sinia lake. Wazungu walicheka mpaka alipoanza kushinda.

Mapinduzi yalimleta Jeddah. Mimi nilizaliwa hapa, nikaenda kufanya kazi katika duka la dawa Riyadh, mtaa wa Sulimaniyah. Kiangazi kimoja mama akanipigia simu.

"Njoo umzuie babuyo. Ameanza tena kukimbia, jua la utosi. Na sasa anageuka geuka nyuma."

Nilimkuta Jeddah, mtaa wa Baghdadiyah, mzee wa zaidi ya miaka themanini, fulana imemganda mgongoni, sinia kichwani. Wenye maduka walikuwa wakimpigia kelele, "Yalla, hajji!" Hakuwasikia. Nikakimbia ubavuni mwake.

"Babu, unamtazama nani?"

"Yule askari. Husikii anavyohema?"

Njia ilikuwa tupu. Joto lile, hata paka walikuwa wamejificha chini ya magari.

Habari za askari huyo niliwahi kuzisikia kwa mama. Alikuwa mkimbiaji aliyetegemewa na wakubwa wa Kizungu. Siku ya mashindano babu alimpita karibu na utepe wa kumalizia, na yule kijana akaanguka hapo hapo. Watu wakambeba babu mabegani wakiimba. Alipoteremshwa, mwenzake alikuwa ameshafunikwa shuka.

Karibu na bahari babu alisimama ghafla. Akalitua sinia taratibu, akajibanza ukutani kama anayempisha mtu.

"Pita basi," alisema. "Pita, mwanangu. Nimechoka."

Akangoja. Uso ukamsawijika. "Hataki kupita."

Nikamrudisha nyumbani kwa teksi. Mama alimtia miguu kwenye beseni la maji baridi, nami nikaita gari la wagonjwa. Babu alikaa kitini, hakuondoa macho mlangoni.

"Ameshapita, babu," nikamwambia.

"Mwongo wewe. Yuko ngazini."

Nikajikuta na mimi nimetega sikio.

Gari lilipofika, babu alikuwa ameshakata roho. Wahudumu walimbeba wakashuka naye, mama akiwafuata. Nilibaki peke yangu mle chumbani, na kwa muda mrefu niliogopa kuzishuka zile ngazi.