Kitufe Chekundu cha Karwirwa

Karwirwa alikuwa na mdomo ambao Kanyakine nzima iliuogopa. Karani wa kahawa akichezea mzani, yeye ndiye aliyesema, na alisema watu wote wakisikia. Shemeji zake aliwaambia wametangulizwa na tumbo, akili inakuja nyuma kwa miguu. Mimi nilipoletwa hapa kuolewa, nikitoka Manyatta kule Embu, alinitazama kutoka chini hadi juu akasema, "Huyu atalima na miguu hii ya kuku?" Nililia. Kesho yake alikuja na jembe lake akaniambia langu ni la kuchezea watoto, nichukue lile. Ninalo hadi leo.

Halafu akapigwa na kiharusi akiwa katikati ya kahawa yake, ndoo kiunoni. Aliporudi kutoka hospitali mkono wa kulia ulikuwa umelala kama wa mtu mwingine, na ulimi vilevile. Akili ilikuwa nzima; ulihitaji tu kumwangalia macho. Lakini wengi hawakuangalia. Kanisani niliwasikia kwa masikio yangu wakisema Mungu amefunga ule mfereji. Walicheka wakiwa wameshika Biblia. Mume wake, Marete, aliwaambia wenzake kwamba nyumbani sasa kumetulia kama mvua ya mabati ikiacha.

Binti yao, Maxine, ni muuguzi Nairobi. Yeye ndiye aliyeleta kompyuta akaiweka mezani sebuleni, karibu na dirisha linalotazama kahawa. Mama yake angeandika kwa mkono wa kushoto, na mashine ingesoma kwa sauti. Maxine alikaa wikendi moja akaondoka, akaniachia mimi, jirani, kazi ya kuiangalia.

Niliacha shule darasa la saba. Nilikuwa nikiogopa hata kuipangusa vumbi. Na taabu ilianza mara moja, kwa sababu kidole cha Karwirwa kilitetemeka, na kila herufi aliyogusa ilijiandika msururu mzima. Alitaka kuandika maji, ikatoka m nyingi kama ng'ombe analia, na mashine ikazisoma zote. Marete alicheka mpaka akatoka nje. Nilimpigia Maxine simu, akaniongoza polepole. "Mama Njoki, fungua pale kwa mipangilio. Umeona palipoandikwa kibodi? Shuka chini. Usiogope, hailipuki." Tukaiambia kibodi isubiri kidogo, isihesabu kidole kimoja mara mbili. Siku nyingine tukakuza herufi. Siku nyingine tukaweka picha ya kahawa ikiwa imechanua, nyeupe tupu, ili akiwasha aione.

Sauti ndiyo iliyotuchekesha. Kwanza ilikuwa ya mzungu, ikitaja Marete kama mtu aliye na kiazi moto mdomoni. Tukatafuta hadi tukapata ya Kiswahili, ya mwanamke, laini, kama wale wa kusoma habari. Karwirwa alicheka kwa nusu ya mdomo. Watu wakapita wakisema Karwirwa amekuwa mtu wa Mombasa.

Kwa kuwa kuandika kulimchosha, Maxine alipanga vitufe vya safu ya juu kabisa viseme sentensi nzima kwa kubonyezwa mara moja. Alivipaka rangi ya kucha asivisahau. Kijani kilisema, "Naomba maji." Cha njano, "Nipelekeni msalani." Cha bluu Karwirwa alikitunga mwenyewe: "Marete, funga vifungo vya shati, una wageni." Na chekundu kilisema neno moja tu, "Sitaki."

Chekundu ndicho kilichokwisha rangi kwanza.

Marete alitaka kuuza shamba la chini. Ndilo lile lililoko dirishani, ambalo Karwirwa alilipanda kahawa akiwa na Maxine mgongoni, na hiyo kahawa ndiyo iliyokuwa ikimnunulia dawa. Marete alitaka pikapu. Mnunuzi alikuwa Gitari, mwenye hoteli mjini, aliyetaka kujenga vyumba vya kukodisha. Nilikuwa sebuleni nikimlisha Karwirwa uji siku Marete alipomweleza.

"Mama Maxine, lile la chini tutauza."

"Sitaki," ikasema mashine.

"Hujangoja nimalize."

"Sitaki."

"Nitakubeba na pikapu hadi hospitali, kama malkia."

"Sitaki."

Marete alitabasamu. "Wika tu. Hata jogoo huwika mpaka asubuhi ya kuchinjwa."

Lakini kuuza bila mke hangeweza. Wazee wangemuuliza, kwa sababu Kanyakine yote ilijua ile mashine inasema. Ndipo siku chache baadaye nikakuta meza iko tupu. Marete alisema kompyuta ina virusi, ameipeleka kwa fundi mmoja anayeitwa Antony, kule Kinoru. Karwirwa alikuwa ameketi mbele ya meza tupu, mkono wa kushoto umewekwa pale kibodi ilipokuwa.

Ilirudi Ijumaa jioni. Nilipita kuangalia. Ile picha ya kahawa haikuwapo. Palikuwa na kilima cha majani ambacho hakiko upande wetu. Herufi zilikuwa zimerudi ndogo kama siafu.

"Baba Maxine, mbona imebadilika?"

"Imeoshwa."

"Na ule mpango wa kidole?"

"Mama Njoki, wewe siku hizi ni fundi?" Akaizima, akaifunika yote kwa kitambaa cha kufuma alichofuma Karwirwa mwenyewe. "Isiguswe. Wageni wanakuja kesho, sitaki vumbi."

Karwirwa alinigonga mkono, akaelekeza kidole kwenye kitambaa. Alinigonga tena. Marete alivuta kiti akaketi kati yetu na meza, akaomba chai kana kwamba ana siku nzima. Nilipofika kwangu nilimpigia Maxine. Simu ilikuwa imezimwa. Akiwa kazini huwa hivyo. Nilimwachia ujumbe, kisha nikakaa nikijiambia kwamba pengine fundi amesafisha tu. Mimi hushtukia vitu vingi, na vingi huwa si kitu.

Kwetu, mnunuzi wa shamba huja na mbuzi. Mbuzi huyo haliwi mpaka mama wa nyumba aulizwe, na akikubali ndiye anayeonja kwanza. Akishaonja, maneno yameisha. Hata kama baadaye atalia barabarani, ataambiwa alikula. Kwa hiyo Jumamosi mbuzi alichinjwa mapema, nyama ikaiva, supu ikachemka, na wazee wakaketi sebuleni. Mzee Kaberia ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Sisi wanawake tulisimama mlangoni na birika.

Marete aliondoa kitambaa akaiwasha mashine. Alimvuta Karwirwa na kiti chake hadi mezani, taratibu, mbele ya watu, kama mume mwema.

"Karwirwa," akasema Mzee Kaberia, "ulituchapa na mdomo miaka mingi. Leo tumekuja tuchapwe tena." Wakacheka. "Mume wako anasema shamba la chini liende kwa Gitari. Wewe unasemaje?"

Karwirwa hakungoja. Alibonyeza chekundu.

"Nimekubali," ikasema ile sauti laini. "Mungu awabariki."

Gitari alitoa simu akaanza kurekodi. Karwirwa aliutazama mkono wake. Alibonyeza tena.

"Nimekubali. Mungu awabariki."

"Huyu amekubali hadi anarudia," mmoja akasema, na kicheko kikazunguka chumba. Akabonyeza tena na tena, na mashine ikakubali na kuwabariki, ikakubali na kuwabariki, na kadiri alivyopiga ndivyo walivyocheka. Ndipo akaacha kile kitufe, akajaribu kuandika. Kidole kilitetemeka na msururu wa s ukatoka, na mashine ikauvuta kama nyoka. Wakacheka zaidi.

Niliweka birika chini. "Mzee, hicho kitufe kimebadilishwa. Kilikuwa kikisema sitaki. Kila mtu hapa amewahi kukisikia."

"Umekibadilisha wewe?" Marete akauliza. "Si ni wewe unayeshinda hapo ukifinya?"

"Nipe nafasi nifungue mipangilio, wazee waone."

"Mipangilio ya nyumba yangu?"

Mzee Kaberia alinitazama bila hasira. "Mama Njoki, wewe ni wa kutoka Embu. Shamba ni la hapa. Chai inapoa."

Nilienda mezani hivyo hivyo. Marete alinyoosha mguu akang'oa waya ukutani. Kioo kikawa cheusi. "Stima ya hapa," akasema, "huenda tu."

Kisha akachukua bakuli la supu ya mbuzi na kijiko. Kumbuka kwamba Karwirwa alikuwa akilishwa. Hiyo ndiyo ilikuwa hali yake. Marete hakuwa amemlisha hata siku moja tangu alipougua. Siku hiyo alimshika kidevu, upande ule usiosikia, akafungua mdomo kwa kidole gumba, akamimina. Akamwinua kidevu juu. Nikaona koo likipanda na kushuka.

"Amekula," akasema Mzee Kaberia.

Kijiko cha pili Karwirwa alikitema chote. Supu ilimwagika kifuani, nyingine ikamrukia Marete kwenye shati. Alifanya hivyo kwa nguvu zake zote na kila mtu aliona. Marete akachukua kile kitambaa cha kufuma akampangusa mdomo. "Mniwie radhi," akawaambia wageni. "Tangu augue, vitu humtoka tu."

Nyama ikakatwa.

Maxine alifika siku mbili baadaye, akagombana na baba yake hadi sauti ikamkauka. Alikwenda Kinoru kwa fundi. Antony hakuficha kitu: mzee alimwambia mke amechanganyikiwa na anatukana wageni, abadilishe yale maneno mabaya aweke mazuri. Aliona anasaidia familia. Maxine akaenda kwa Mzee Kaberia, naye akamjibu kwamba mama yake alikula mbele ya watu, na Gitari alikuwa na video iliyoonekana na wote waliohitaji kuiona, mama akikubali mara kumi.

Mashine yenyewe ilitengenezwa upesi. Maxine aliirudisha kwenye tarehe ya kabla ya Kinoru, ikazima, ikawaka, na vyote vikarudi: kahawa nyeupe kwenye kioo, herufi kubwa, kidole kusubiriwa, hata lile neno la vifungo vya shati. Haikumchukua muda wa kuchemsha maji. Kisha akarudi kazini Nairobi.

Vijana wa msumeno walikuja wiki iliyofuata. Nilikuwa nimekaa na Karwirwa dirishani. Mti wa kwanza ulipoanguka alibonyeza chekundu, na dirisha lilikuwa wazi.

"Sitaki."

Kijana mmoja akainua kichwa. "Hata sisi hatutaki, mama," akaita, "lakini tumetumwa." Wenzake wakacheka, wakavuta kamba ya msumeno kuuwasha.

"Sitaki. Sitaki."

Marete aliingia, shati limefunguka. Ile mashine hakuwahi kuijua, lakini kitu kimoja alikuwa amejifunza kwa Antony. Aliinama juu ya bega la mkewe, akatafuta kitufe cha kupunguza sauti, akakishikilia hadi mwisho. Kisha akatoka kwenda kuwaonyesha vijana mpaka.

Nilinyoosha mkono niirudishe sauti. Karwirwa hakuniangalia. Macho yalikuwa nje, na kidole kiliendelea kubonyeza chekundu, kila mti ulipokuwa ukianguka, na mashine haikutoa sauti yoyote.